Kazi Yake, Jina la Nani? Mwanamke Mwanasayansi katika Fasihi na Uhakiki Wetu

Mwanafunzi yeyote aliyepita katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili nchini anakijua kichwa cha habari kinachoitwa "Nafasi ya Mwanamke katika Jamii". Tumekikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Mwalimu anataja, nasi tunaandika: mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe, amechorwa kama mama na mlezi wa familia, amechorwa kama kiumbe duni asiyeshirikishwa katika maamuzi, na mwishoni, ili isionekane tumekaa gizani tu, amechorwa kama mtu mwenye msimamo na mwanamapinduzi. Masanduku manne, basi. Ukishayajaza kwa mifano kutoka vitabu viwili, alama zako unazo, daftari unafunga.

Katika makala haya nataka kuyagonga masanduku hayo ili tusikie kama yana kitu ndani. Nitafanya hivyo kwa kumfuata mwanamke ambaye hana sanduku: yule aliyepanda ngazi ya elimu mpaka juu, akawa mtafiti, daktari, mhandisi au mwanahisabati, na ambaye bado halingani na mwanamume aliyesoma naye dawati moja. Hoja yangu ni kwamba fasihi tunayofundishwa imemsindikiza mwanamke mpaka mlangoni pa shule ikamwacha hapo, na sisi wahakiki tukageuza pamoja nayo. Lakini ukosefu wa usawa unaomkabili msomi huyu hauishii mlangoni. Uko ndani zaidi, mahali kazi inapofanywa na majina yanapoandikwa. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kazi ya mhakiki, maana kuuliza nani anasimulia na nani anatajwa ndilo jambo tulilofundishwa kulifanya.

Isansa na swali la jina

Swali hili sikulipata maktaba. Nililipata Isansa, wilayani Mbozi, katika mkoa ambao tangu mwaka 2016 unaitwa Songwe baada ya kumegwa kutoka Mbeya, nilikokwenda kwa mazoezi ya kufundisha. Isansa ni kata ya kahawa. Ukitoka nyumba moja kwenda nyingine unapita katikati ya mibuni, na msimu ukifika kahawa inaanikwa kila uani. Niliandika yale masanduku manne ubaoni kama nilivyoandikiwa mimi. Binti mmoja wa kidato cha nne, wa mchepuo wa sayansi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na bibi shamba anayekuja kuangalia magonjwa ya kahawa, yeye tumweke wapi?" Darasa likacheka. Mmoja akadakia kutoka nyuma, "Mweke kwa mama mlezi, si analea miche!" Wakacheka zaidi.

Mzaha ule ulikuwa uhakiki tosha. Ulionyesha kwamba tukimkuta mwanamke anayefanya kazi ya sayansi, tunaigeuza kazi yake iwe malezi ili aingie katika sanduku tulilonalo.

Lugha yenyewe haina hatia. Kiswahili hakitenganishi mume na mke katika nafsi: "yeye" ni yeye, "mtafiti" ni mtafiti, na ngeli ya kwanza inawabeba wote bila kuuliza. Ila sisi wasemaji tumejitafutia vichochoro. Mtu akisema "amekuja bwana shamba", anataja cheo. Akija mwanamke, cheo kinavalishwa gauni, anakuwa "bibi shamba", na wapo wanaosema eti "bwana shamba wa kike". Tunasema "daktari", halafu tunasema "daktari mwanamke". "Daktari mwanamume" sijamsikia sana akitajwa, isipokuwa na mama mjamzito anayeona haya kupimwa naye.

Wala tusidhani kuwa Mbozi ni mahali pasipo sayansi. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba kiko wilaya hiyohiyo. Katika kilima cha Marengi kimelala kimondo cha Mbozi, bonge la chuma la tani 16 hivi lililotoka angani. Vitabu vinasema kimondo hicho "kiligunduliwa" mwaka 1930, yaani mwaka alipokiandika mpimaji wa kikoloni. Wenyeji waliokuwa wakikijua kabla yake hawamo katika sentensi hiyo. Kumbe hata jiwe lina msimulizi wake!

Na kahawa nayo ina somo. Niliwakuta akina mama wakichuma, wakimenya, wakiosha, wakianika na kuchambua. Kahawa ilipofika chama cha msingi, jina lililosomwa daftarini mara nyingi lilikuwa la baba mwenye shamba, na malipo yalifuata jina. Mama mmoja mtu mzima aliniambia, tena bila hasira, "Mwalimu, kahawa ni yangu mpaka ifike kwenye mzani."

Kauli hiyo imenisaidia kusoma vitabu kuliko nadharia nyingi nilizozikopi. Mwanamke anaweza kuachiwa kazi yote mpaka dakika ya mzani. Nitaitumia kauli hiyo kuwauliza waandishi wetu: je, mmetufikisha kwenye mzani wa mwanamke msomi, au mmeishia shambani?

Wasomi wa kike tuliosomeshwa

Tuanze na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na kuzuiwa shuleni kwa muda. Rosa anatoka Ukerewe, kwa baba mkali, Zakaria. Anafika sekondari, anafika chuo cha ualimu Morogoro. Wahakiki wameandika sana juu ya malezi ya kufungiwa na matokeo yake, na sina ugomvi nao. Lakini hebu tuulize swali jingine, dogo na la kijinga kidogo: Rosa alipenda somo gani? Ni jambo gani la darasani lililomkosesha usingizi? Riwaya inashughulika na mwili wa Rosa na wanaume wanaomzunguka. Akili ya Rosa kama mwanafunzi haipewi uzito huo. Elimu ni barabara inayomtoa kwa baba na kumpeleka kwa wanaume wengine, na mwisho wa barabara ni kifo anachojitia mwenyewe.

Tuje kwa Penina Muhando. Katika Nguzo Mama, tamthilia ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo yao, nayo haisimami. Wanawake hao wanaitwa Bi Pili, Bi Tatu, Bi Nne, na kuendelea. Tumezoea kusema kwamba namba hizo zinamwakilisha mwanamke wa popote. Ni sawa. Ila mimi, baada ya Isansa, nazisoma pia kama malalamiko: mtu mwenye namba hana jina la kuingizwa daftarini. Na usisahau nani aliyeyaandika hayo. Penina Mlama mwenyewe ni profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye alikuwa mkurugenzi mtendaji wa FAWE, jumuiya ya wanawake wa Afrika wanaoshughulikia elimu ya wasichana, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye makao Nairobi. Aliujua mlango, akajua na kilichomo ndani. Lakini jukwaani alituonyesha Patata, hakutuonyesha chuo kikuu.

Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1988, inasogea karibu zaidi. Martha ni mwanamke wa mjini, wa tabaka la wasomi. Mume anapofariki, ukoo unadai maiti na mali, kwa namna inayotukumbusha kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno iliyotikisa Kenya mwaka 1987. Usomi wa mjini hauwi ngao. Hapa tumefika karibu na mzani, lakini ni mzani wa ukoo na urithi, si wa kazi.

Rosa anakufa, nguzo inabaki chini, Martha ananyang'anywa. Sisemi waandishi hawa walikosea. Walisema kweli iliyokuwa mbele yao, tena kwa ujasiri. Ninachosema ni kwamba ukivipanga vitabu hivyo vitatu mezani, hukuti ukurasa ambao mwanamke msomi yupo kazini, anafikiri, anakosea hesabu, anarudia, anapata, halafu anapigania jina lake liandikwe juu ya alichopata.

Je, fasihi ya Kiswahili haiwezi kazi hiyo? Inaweza, na iliwahi kuifanya zamani. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, hakumtafutia sanduku. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akafinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuingia mjini na kuwa mwimbaji. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Wapo waliomdharau kwa asili yake na kwa sura yake. Mwandishi anamfuata katika sauti yake, safari zake, washirika wake na wapinzani wake. Ukimaliza kusoma, unajua Siti alikuwa akifanya nini, siyo tu alikuwa mke wa nani. Hicho ndicho kipimo. Kilichofanyika kwa mwimbaji kinaweza kufanyika kwa mwanabiolojia.

Rosy na Rosalind

Kwa nini nasisitiza msimulizi? Tutoke nje kidogo, maana huko msimulizi mmoja alimgeuza mwanasayansi kuwa mhusika mbele ya macho ya dunia. Mwaka 1968 James Watson alitoa kitabu kiitwacho The Double Helix, kinachoeleza jinsi umbo la DNA lilivyopatikana mwaka 1953. Ndani yake yumo Rosalind Franklin, mtaalamu wa King's College London aliyekuwa akichunguza DNA kwa eksirei. Picha maarufu iliyopigwa mwaka 1952 na mwanafunzi aliyekuwa akifanya kazi chini yake, Raymond Gosling, alionyeshwa Watson mwanzoni mwa mwaka 1953 bila Franklin kujua. Franklin alifariki mwaka 1958, ana miaka 37. Mwaka 1962 Tuzo ya Nobel walipewa Watson, Francis Crick na Maurice Wilkins. Marehemu hapewi tuzo hiyo.

Sasa mtazame kama mhusika. Watson anamwita "Rosy", jina ambalo hakuitwa usoni. Anatueleza nguo zake, nywele zake, midomo isiyopakwa rangi, na ukali wake. Huo ni uchoraji wa mhusika, tena wa ufundi: msomaji anacheka na kusonga mbele, na kazi ya mwanamke inakuwa pazia la nyuma ya jukwaa. Mwishoni kabisa mwa kitabu Watson anakiri kwamba alivyomwona mwanzoni hakukuwa sawa, lakini nani hukumbuka hitimisho kuliko kichekesho? Mwaka 1975 Anne Sayre, aliyekuwa rafiki wa Franklin, aliandika kitabu kumjibu.

Kuna jambo jingine hapo linalotuhusu sana sisi wa masanduku. Baada ya jibu hilo, Franklin akawa maarufu kama mwanamke aliyeibiwa picha. Mwaka 2023 Matthew Cobb na Nathaniel Comfort walionyesha, kwa nyaraka, kwamba hata hadithi hiyo ya huruma inampunguza. Franklin hakuwa mtu aliyekalia picha asiyoielewa, bali mtafiti aliyechangia sawa na wale wengine. Mnaona? Ametolewa sanduku la kichekesho, akaingizwa sanduku la "kiumbe aliyeonewa". Yote mawili yanafunika kazi yake. Ndiyo maana nasema kuhurumia hakutoshi katika uhakiki. Ukimwandika mwanasayansi kwa machozi matupu, umemnyima sayansi yake kwa mara ya pili.

Herufi moja ya Wangari

Kuna atakayesema hayo ni ya Wazungu huko. Haya, turudi Afrika Mashariki. Wangari Maathai aliandika maisha yake mwenyewe katika Unbowed, kitabu cha mwaka 2006. Ni cha Kiingereza, lakini kama tunasoma Brecht darasani kwa Kiswahili, sioni kosa kumsoma jirani yetu wa Nyeri.

Maathai alisoma biolojia Marekani kuanzia mwaka 1960, akarudi Nairobi mwaka 1966 na barua ya kazi ya msaidizi wa utafiti katika zoolojia. Alipofika, kazi ikawa imepewa mtu mwingine, na yeye aliona sababu ni kabila na jinsia yake. Baadaye akapokelewa katika anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara, na mwaka 1977 profesa mshiriki. Mpaka hapa, kwa kipimo cha mlango wa shule, ameshinda; riwaya ya kawaida ingefunga hapa kwa vigelegele.

Kitabu chake kinafungua hapo tunapofunga. Katika chuo kile wahadhiri wanawake walioolewa hawakupewa marupurupu sawa na ya wanaume, kwa mfano ya nyumba, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba mume ndiye mwenye kupewa. Shahada ni ileile, vipindi ni vilevile, bahasha tofauti. Maathai pamoja na Vertistine Mbaya, mtaalamu wa baiokemia, walidai haki hizo kwa hesabu na barua, na mengi ya waliyodai yakapatikana kidogo kidogo. Hebu fikiri: wanasayansi wawili wanatumia muda ambao wenzao wa kiume wanautumia maabara, wao wanautumia kudai nyumba. Muda huo hauandikwi popote katika orodha ya machapisho ya mtu.

Kisha linakuja jina. Baada ya ndoa kuvunjika mahakamani mwaka 1979, mume wa zamani, Mathai, hakutaka aendelee kulitumia jina lake. Mwanamke yule alikuwa ameshalitumia katika kazi ya miaka. Akaongeza herufi moja, "a", likawa Maathai. Sijaona katika tamthilia zetu kitendo kifupi chenye mgogoro mkubwa kama hicho. Herufi hiyo moja inabeba swali lote la makala haya: mwanasayansi anajulikana kwa jina alilochapishia, na jina la mwanamke linaweza kudaiwa na mtu mwingine.

Mwaka 1982 alijiuzulu chuoni ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na chuo kikakataa kumrudisha na kumtaka aondoke katika nyumba. Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004 tunaijua wote. Lakini msomaji asirukie huko. Upandaji miti uliomletea tuzo ulianzia katika utafiti: alipokuwa akifuatilia kupe na ugonjwa wa ng'ombe mashambani, aliona udongo unaomomonyoka na ng'ombe waliokonda. Jicho la maabara ndilo lililoona. Sisi tukimtaja tunasema "mama wa miti". Mama tena! Sanduku la malezi limemkuta hata yeye.

Mzani wa kwetu

Na Tanzania je? Majina yapo. Esther Mwaikambo alihitimu udaktari Moscow mwaka 1969, akawa daktari wa kwanza mwanamke Mtanzania, na mwaka 1987 alikuwa mwanzilishi wa chama cha madaktari wanawake, MEWATA. Verdiana Masanja, aliyetafiti mwendo wa vimiminika, ndiye mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata uzamivu wa hisabati, aliousomea Berlin, na ameandika pia juu ya ushiriki wa wanawake katika hisabati na sayansi. Muulize mwanafunzi wa kidato cha sita akutajie mmoja wao. Atakutajia Rosa, atakutajia Martha, watu wa kubuni, na atawaeleza vizuri. Hawa walio hai katika historia hajafundishwa kuwasoma.

Tunaweza kusoma hata sheria kama tunavyosoma matini, maana nazo zina mhusika aliyedhaniwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Kanuni moja kwa wote, hakuna aliyebaguliwa. Lakini miaka ileile ya kusubiri ndiyo miaka ya msichana kuolewa na kuzaa, na idadi ya wanawake chuoni ikashuka, hata mwaka 1976 wasichana wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Mhusika aliyekuwa kichwani mwa watunga kanuni hakuwa na tumbo la uzazi, basi.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba alipewa siku 3. Siku 84 ni haki iliyopiganiwa, nami siibezi. Ila zile 3 zinasema nani anategemewa kubaki na mtoto siku ya 85. Chuoni ngazi ni mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na kinachopandisha zaidi ni machapisho. Mzani unapima karatasi zilizotoka. Haupimi usiku uliopita na mtoto mwenye homa. Mwanamume na mwanamke wanawekwa juu yake sawasawa kabisa, kama kahawa. Ndipo mama wa Isansa anaporudi masikioni mwangu.

Wala si sisi peke yetu. Kwa takwimu za UNESCO, wanawake ni kama theluthi moja ya watafiti wote duniani. Donna Strickland wa Kanada alipopata Nobel ya Fizikia mwaka 2018, cheo chake chuoni kilikuwa bado profesa mshiriki. Dunia ilimpima kabla chuo chake hakijampandisha.

Pingamizi mbili

Wenzangu niliowapa rasimu ya makala haya walinipinga kwa hoja mbili. Ya kwanza: fasihi ni kioo cha jamii, na kama wanasayansi wanawake ni wachache, mwandishi afanyeje? Hoja hii tunaitumia tunapotaka. Watu waliofika nchi ya Kufikirika ni wangapi? Mbona Shaaban Robert aliiandika? Waimbaji kama Siti nao hawakujaa mitaani. Uchache haujawahi kuwa kizuizi cha sanaa. Tena, jamii ambayo kioo chake hakionyeshi mtu fulani hufikia mahali pa kuamini kwamba mtu huyo hayupo.

Ya pili ni nzito zaidi: eti hili ni tatizo la wanawake wachache wa tabaka la juu, wenye gari na shahada, wakati mama wa Isansa anabeba gunia. Mwenzangu mmoja alisema wazi, "Wewe unalilia maprofesa?" Nami naiheshimu hoja hiyo, maana mlangoni nako hakujapona: ilikuwa mpaka Novemba 2021 ndipo serikali ilipoamua kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi katika shule ya serikali. Lakini kuwatenganisha wanawake hawa wawili ndiko kunakoupa nguvu mfumo dume. Mwenye gunia na mwenye hadubini wanafika kwenye mzani mmoja: kazi ni yao, jina na malipo yana njia nyingine. Binti wa Isansa akiambiwa asome sana ili atoke kwenye mzani wa mama yake, halafu akaukuta uleule chuoni ukiwa umepakwa rangi, tutakuwa tumemdanganya. Ni heri ajue mapema, ajue kwa kusoma hadithi nzuri, kuliko kujulia kazini peke yake huku akidhani kasoro ni yake.

Maswali manne

Kwa hiyo napendekeza tuyaweke kando masanduku manne, tushike maswali manne. Nani anafanya kazi katika kitabu hiki, na mwandishi ametuonyesha ikifanyika? Jina la nani linaandikwa juu ya kazi hiyo? Malipo yanakwenda wapi? Na nani anayesimulia yote haya, naye ananufaika vipi na namna anavyosimulia? Maswali haya yanafaa kwa Rosa na kwa Rosalind, kwa Patata na kwa Nairobi. Hayamtafutii mwanamke kabati la kumfungia; yanamfuata aendako. Na hata mwandishi wa kiume anayemhurumia mwanamke atalazimika kuyajibu.

Wanaotunga miongoni mwetu nao wana deni. Tumechoka na msichana anayepata daraja la kwanza ukurasa wa mwisho. Tuandikieni mmoja ambaye ukurasa wa kwanza tayari ana shahada tatu. Yuko Mbimba, saa kumi jioni, jani la mbuni lenye ugonjwa liko chini ya hadubini, na simu inaita kutoka nyumbani. Ripoti inatakiwa kesho, na mkuu wake amemwambia kwamba kwenye orodha ya majina la kwake litakuwa la nne. Anajua kwamba yeye ndiye aliyeligundua tatizo. Afanye nini? Msitwambie kwamba alijiua, wala msitwambie kwamba haki ilishinda. Twambieni aliandika nini kwenye ile ripoti.